Kwa nini sarafu ya pili haikulia? Jibu kwa msomaji anayefukia shimo mapema

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Norfolk, Uingereza, na tangu mwaka jana natafuta sarafu kwa detekta ya metali kwenye shamba la mkulima mmoja aliyeniruhusu kwa maandishi. Wiki iliyopita nilipata sauti safi, nikachimba kama sentimita 15, nikatoa sarafu ya fedha yenye kichwa cha malkia na mwaka 1573, pamoja na msumari wa zamani. Nikapitisha mashine juu ya shimo, kimya. Nikafukia. Rafiki yangu niliyekuja naye akapita palepale na mashine yake, akatoa sarafu nyingine mbili ndogo za fedha za zamani: moja kwenye ukuta wa shimo lilelile, nyingine kwenye udongo nilioutoa mimi mwenyewe! Amenitania mpaka basi. Je, mashine yangu ni mbovu? Ninunue yenye sahani kubwa? Nirudie shimo mara ngapi, na nichimbe hadi kina gani? Wapo wanaosema sarafu hutoa 'kivuli' kwenye udongo na ukichimba kinapotea. Na la mwisho: Desemba nakwenda nyumbani Kilwa. Mjomba anasema shambani kwa marehemu babu kuna mali ya Mjerumani, na kuna mtu ana kifaa kinachoonyesha dhahabu kutoka mbali, ila anataka alipwe kwanza. Nibebe mashine yangu nikajaribu?"*

Marahaba. Mashine yako haina ubovu wowote ninaouona katika maelezo yako, na huyo rafiki asikucheke sana. Angetangulia yeye ukamfuata wewe, huenda leo wewe ndiye ungekuwa na la kusimulia. Anayepita wa pili juu ya shimo ana nafasi ambayo wa kwanza hana, na nitaeleza inatoka wapi. Lakini kuna jambo hukuliuliza, nalo ndilo lenye haraka: hizo sarafu tatu mmekwisha kuziripoti?

Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland ya Kaskazini, inaitazama sarafu moja iliyookotwa peke yake tofauti na sarafu mbili zilizotoka mahali pamoja. Moja, kwa kawaida, si hazina. Zikifika mbili, zikiwa na umri wa miaka 300 au zaidi, na angalau asilimia 10 ya uzito wake ikiwa dhahabu au fedha, hapo ni hazina. Za shaba tupu lazima zifike kumi. Yako ya 1573 ni ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na kama nyuma ya kisogo chake kuna ua dogo la waridi, huenda ni peni sita. Fedha yake ni nzuri, na umri hauna ubishi. Kwa hiyo ulipoitoa ulikuwa na sarafu ya kuokota tu. Rafiki yako alipotoa ya pili, ikiwa nayo ni ya umri huo, mkawa na kitu kinachopaswa kufika kwa koroneri wa eneo ndani ya siku 14, tangu siku mliyokipata au siku mliyotambua kwamba huenda ni hazina. Leo umetambua.

Koroneri ni ofisa yuleyule anayechunguza vifo vyenye utata. Kazi ya hazina ameirithi tangu enzi alipokuwa akilinda maslahi ya mfalme. Usiogope jina. Kwa vitendo unampigia simu ofisa wa vitu vilivyookotwa katika kaunti yako, aliye chini ya Portable Antiquities Scheme, mpango wa kuandikisha vitu vya kale vinavyookotwa, naye atakuongoza katika makaratasi yote. Wamezoea, na hawagombi mtu aliyekuja mwenyewe. Kinachoadhibiwa ni kunyamaza: adhabu yake inafika kifungo cha miezi mitatu, au faini, au vyote viwili. Jumba la makumbusho likizitaka, thamani inapangwa na kamati, na malipo kwa desturi hugawanywa nusu kwa mwenye ardhi na nusu kwa aliyeokota, isipokuwa mmeandikiana vingine. Lisipozitaka, mnarudishiwa.

Hapo kuna kona moja ya kuangalia. Ruhusa ya maandishi uliyonayo ni ya kwako. Je, inamtaja rafiki yako? Kama haimtaji, mpigie mkulima leo, umweleze nani alikuwepo na nini kimetoka, kabla hajasikia kwa mtu mwingine. Aliyechimba bila ruhusa anaweza kupunguziwa malipo au kunyimwa kabisa, na wewe unaweza kupoteza shamba.

Sasa tuje kwenye kimya cha mashine.

Ndani ya ile sahani unayoipitisha ardhini kuna nyaya zilizozungushwa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza linatoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo ukipita kwenye metali, unaamsha humo mikondo midogo ya umeme inayozunguka, na mikondo hiyo nayo inatoa uga wake, dhaifu, unaorudi juu. Fungu la pili linasikiliza huo unaorudi. Mashine inapima mambo mawili: jibu lina nguvu kiasi gani, na limechelewa kiasi gani. Katika fedha na shaba nene mikondo hukawia kufa. Katika karatasi ya alumini au sarafu nyembamba iliyokatwakatwa hufa upesi. Chuma kina tabia yake kwa sababu chenyewe kinavutwa na sumaku. Kutokana na huko kuchelewa ndiko mashine inakotunga ile namba ya kwenye kioo na ile sauti ya juu au ya chini.

Ukilishika hilo, utaona kwamba namba haikutajii jina la kitu. Ni majibu ya kila kilichokuwa chini ya sahani kwa wakati mmoja, yakiwa yamechanganyika. Ni kama watu watatu kukusemesha kwa pamoja kwenye simu moja: utamsikia mwenye sauti kubwa, na wengine wawili utaapa hawakuwepo. Peni sita ya Elizabeth ina upana wa karibu sentimita mbili na nusu. Zile ndogo huenda zilikuwa na nusu ya upana huo au zaidi kidogo. Mkubwa alisema, wadogo wakamezwa.

Tena umbali unaadhibu vikali kuliko watu wanavyodhani. Uga unapungua wakati wa kwenda chini, na jibu linapungua tena wakati wa kurudi juu. Kwa kitu kidogo kama sarafu, kikishakuwa mbali kuliko nusu ya upana wa sahani, ukizidisha umbali mara mbili jibu linashuka hadi karibu sehemu moja ya 64. Sarafu iliyolia vizuri kwenye sentimita 8 inaweza kuwa mnong'ono kwenye 16. Sasa fikiria ulivyofanya: ulichimba sentimita 15, kisha ukapitisha sahani juu ya shimo tupu. Sahani ni pana kuliko shimo, haiwezi kuingia. Ikabaki pale pale juu, na sarafu iko chini pale pale, haikusogea karibu hata kidogo. Ule uchimbaji haukuisaidia mashine kusikia.

Halafu kuna msumari. Hapa ndipo ninaposhuku zaidi, kwa sababu mashamba ya Uingereza yamejaa chuma: misumari ya kwato za farasi, vipande vya plau, nati za trekta, takataka za mafundi wa karne nyingi. Ukiona msumari mmoja umetoka, wenzake wako karibu. Watu wengi huwasha kichujio cha chuma ili wasisumbuliwe na kelele, nami nakisia nawe umewasha. Kichujio hakiondoi chuma ardhini. Kinachofanya ni kuiambia mashine inyamaze inapokisikia. Ikishanyamaza inahitaji muda mfupi wa kurudi tayari, na kama sarafu imelala sentimita mbili kutoka kwenye msumari, sahani inapita juu yake mashine ikiwa bado haijarudi. Kimya cha mashine yenye kichujio maana yake ni kwamba hakuna kilichopita kwenye kichujio. Ni tofauti kabisa na kwamba hakuna kitu.

Sababu ya tatu ni mkao. Sarafu iliyolala chali inaonyesha uso wake wote kwa sahani, mikondo inapata nafasi ya kuzunguka. Iliyosimama kwa ukingo inampa mtu aliye juu yake jibu hafifu. Sepetu ikipita, inazigeuza: ya kwenye ukuta wa shimo inaweza kuanguka chali, na iliyokuwa chali ikaingia kwenye bonge la udongo ikiwa imesimama. Ndiyo maana mmoja anapita kimya, mwingine dakika kumi baadaye anapita inalia. Rafiki yako alikuta msumari umeshaondoka, sarafu kubwa imeshaondoka, udongo umeshavurugwa. Ulimfanyia nusu ya kazi.

Na ile iliyokuwa kwenye udongo ulioutoa? Hiyo ni ya kawaida mno. Watu wanachunguza shimo na kusahau rundo. Rundo la udongo lina kimo, sarafu iko chini yake, sahani inapita juu ya kilele: umbali ule ule tena.

Kuhusu hicho kivuli. Wanaokitaja hawajazua moja kwa moja. Chuma kinaposhika kutu, kutu husambaa kwenye udongo unaokizunguka, na chuma kilichooza kinaweza kusikika kikubwa kuliko kilivyo. Ukivuruga udongo, ukubwa huo unapungua. Lakini fedha nzuri na dhahabu haziozi namna hiyo, na sarafu ya fedha haitegemei kivuli ili isikike. Mtu akikuambia "ililia, nikachimba, ikapotea, kilikuwa kivuli", mara nyingi sarafu yake imo kwenye rundo la udongo nyuma ya kisigino chake, au imesimama kwa ukingo shimoni.

Usiniamini kwa maneno matupu. Jioni ya leo chukua mbao isiyo na misumari, iweke sakafuni mbali na friji na mabomba, uweke juu yake sarafu ya peni 20. Ninasema peni 20 makusudi: peni moja na peni tano za siku hizi zina kiini cha chuma na zitakuchanganya, ya 20 ni shaba na nikeli. Washa kichujio cha chuma, pitisha sahani juu kama sentimita 15. Inalia vizuri. Sasa weka msumari mrefu ubavuni mwake, nafasi ya kidole kimoja, upitishe tena: kwanza kwa kuufuata urefu wa msumari, kisha kwa kuukata. Utaona upande mmoja sarafu inasikika kwa kukwaruza, upande mwingine inazimika. Zima kichujio, rudia, usikilize zile sauti mbili zikigombana. Kisha ondoa msumari, isimamishe sarafu kwa kuibana kwenye kipande cha mkate, upitishe. Mwisho weka peni 20 mbili zikigusana, utazame namba. Robo saa ya mchezo huo itakufundisha kuliko mashine mpya.

Baada ya hapo, kazi ya shambani inabadilika kuanzia kabla hujachimba. Ukipata sauti, ikatize kwa njia mbili, kaskazini hadi kusini kisha mashariki hadi magharibi. Namba ikiwa ileile pande zote, huenda ni kitu kimoja. Ikirukaruka kulingana na upande unaotokea, chukulia kuna zaidi ya kimoja. Beba kipande cha turubai, na udongo wote wa shimo uuweke hapo, si kwenye nyasi. Ukitoa ulichokisikia, zima kichujio. Pitisha sahani chini kabisa, polepole, kwa njia zote mbili, kisha shusha pinpointa shimoni. Ile detekta ndogo ya mkononi inasikia sentimita chache tu, na uchache huo ndio faida yake, kwa sababu inaingia ndani na kuzungushwa kwenye kuta. Wengi huichokoa chini tu na kusahau kuta, na huko ndiko ya rafiki yako ilikokuwa. Kisha tandaza udongo wa turubai uwe mwembamba, upitishe sahani juu yake. Bonge likilia, lipasue kwa vidole, usilipige.

Hapo bado hujafukia. Toka nje ya shimo, zunguka hatua moja moja mpaka umalize mita mbili hivi kila upande, kichujio kikiwa bado kimezimwa. Sarafu tatu za zama zinazokaribiana, mahali pamoja, zinaweza kuwa mkoba ulioanguka, na plau imekuwa ikizitawanya tangu hapo. Plau huzivuta kufuata mistari ya kulima, kwa hiyo ukijua mkulima wako analima kuelekea wapi, anza kutafuta kwa mstari huo.

Mara ngapi? Mimi narudia mpaka nipate kimya mara mbili mfululizo, kichujio kikiwa kimezimwa, shimo na rundo. Chuma kikiendelea kulia katika shimo lililotoa fedha, nakitoa nacho, kwa sababu huenda kinaficha kitu. Ila nakitoa iwapo tu kimo ndani ya udongo uliolimwa.

Maana hilo la kina ndilo swali lako muhimu kuliko yote, nami nakuomba uliweke akilini kabla ya namba na sauti. Udongo unaogeuzwa na plau kwa kawaida unafika sentimita 20 hadi 30. Utaujua ulipoishia: unabadilika rangi, unakuwa mgumu, sepetu inagota. Kilichomo juu ya hapo kimeshavurugwa mara nyingi, na wewe kukitoa hupotezi mengi alimradi umeandika mahali kilipotoka. Kilichomo chini ya hapo bado kiko jinsi mtu alivyokiweka. Hapo unasimama, hata kama sauti inaita kwa nguvu. Simama pia ukikuta sarafu zimebanana, au vigae vya chungu vikitoka pamoja nazo. Piga picha, chukua alama za mahali kwa simu, rudishia udongo kidogo, mwambie mkulima, piga simu kwa ofisa. Usiondoke ukapaacha wazi, na usitangaze kwenye makundi ya simu.

Nikueleze kwa nini sisemi hili kwa kuogopa sheria tu. Aprili 2010, karibu na mji wa Frome huko Somerset, Dave Crisp alifuata sauti ya ajabu shambani, akachimba akakuta udongo wa mfinyanzi, mdomo wa chungu na sarafu ndogo za Kirumi. Akafukia, akapiga simu. Wataalamu walipokuja walitoa sarafu 52,503, uzito wake kama kilo 160, na wakazitoa tabaka kwa tabaka, kila tabaka kwenye mifuko yake. Walipozisafisha na kuzipanga wakagundua kwamba fungu kubwa la sarafu za Carausius, mtawala wa karibuni kuliko wengi waliokuwa mle, halikuwa juu ya chungu. Lilikuwa chini ya nusu. Kwa hiyo chungu hakikujazwa kidogo kidogo kwa miaka kama kibubu. Kilimiminiwa kwa mkupuo mmoja. Hakuna sarafu hata moja kati ya zile ingeweza kusema hilo peke yake. Kama angezichota kwa mikono miwili na kuzitia kwenye ndoo, sarafu zingebaki 52,503 zilezile, na habari hiyo ingepotea papo hapo.

Kabla yake, Novemba 1992, kijijini Hoxne katika Suffolk, jirani zako hapo, Eric Lawes alikwenda kumtafutia mkulima nyundo iliyopotea. Akakutana na dhahabu na fedha za Kirumi, akatoa kiasi, akaacha na kuripoti. Waakiolojia wakamalizia kesho yake. Nyundo nayo ilipatikana, na leo iko British Museum pamoja na hazina yenyewe.

Je, ununue mashine ya sahani kubwa? Kwa shamba hilo, hapana. Sahani kubwa inashuka chini zaidi, ni kweli, lakini inafunika misumari mingi kwa wakati mmoja, na tatizo lako ni msongamano, si kina. Ukiwa na pesa ya ziada, nunua pinpointa nzuri isiyoingia maji kama huna, kisha sahani ndogo ya sentimita 15 hivi kwa mashine uliyonayo. Halafu tazama kwenye mipangilio kasi ya mashine kurudi tayari baada ya sauti. Kwenye eneo la misumari iongeze, hata kama utapoteza kina kidogo. Kama mashine inachagua masafa, yaani uga ubadilike mara ngapi kwa sekunde, ya juu husikia vizuri zaidi sarafu nyembamba na ndogo. Hayo ya mipangilio ni bure. Na msubiri mkulima alime tena: plau ikigeuza udongo, zilizosimama zinalala, za chini zinapanda, na shamba ulilodhani limekwisha linaanza upya.

Sarafu zenyewe usizisugue. Hakuna ndimu, siki, dawa ya meno wala soda. Kila moja kwenye mfuko wake, na karatasi yenye mahali, kina na tarehe. Rafiki yako naye afanye hivyo leo, maana ile ya kwenye rundo na ile ya ukutani zikichanganywa, mtakuwa mnakisia mbele ya ofisa. Na siku ikitokea umefukua kitu kizito chenye umbo la risasi kubwa au bomu, Norfolk ilikuwa na viwanja vingi vya ndege za vita: usikiguse, ondoka, piga 999.

Nimalizie na Kilwa. Mashine iache Norfolk.

Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kabla ya 1863 kinaingia humo, na kuchimba ukikitafuta kunahitaji leseni. Kuwa shamba ni la babu hakubadilishi kitu. Kenya nayo ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006, na Zanzibar ina yake. Na wewe unazungumzia Kilwa, si mahali popote: magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla ya Mjerumani. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, waakiolojia walifukua zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu. Ni vijisarafu ambavyo mtu wa sururu angevirusha pamoja na udongo asijue. Vimetuambia majina ya watawala ambao hatukuwa na njia nyingine ya kuwajua. Kwa hiyo ukikuta sarafu juu ya ardhi ukitembea ufukweni au shambani, itazame, piga picha, peleka habari kwa ofisi ya mambo ya kale au makumbusho iliyo karibu. Kuchimba ni kazi ya wenye leseni.

Mali ya Mjerumani ni hadithi ambayo sijui kijiji kisichokuwa nayo, kuanzia Moshi hadi Lindi. Kila jiwe lenye alama ni ramani, kila mbuyu umefukiwa sanduku. Ukweli uliopo ni mdogo. Wajerumani walikuwa na rupia za fedha na heller za shaba, na watu walizipoteza kama tunavyopoteza shilingi. Dhahabu walipiga mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke: sarafu ya rupia 15, yenye tembo mbele ya mlima. Zilikuwa kama 16,000 tu, na wakusanya sarafu wanazifahamu vizuri. Masanduku yaliyoachwa kwa babu zetu sijawahi kuona hata moja lililothibitishwa, ila mashimo ya wanaoyatafuta nimeyaona, mengine marefu kuliko kimo cha mtu na hayana hata nguzo za kuzuia ukuta usiporomoke.

Huyo mwenye kifaa cha kuona dhahabu kutoka mbali, rudi kwenye ile hesabu ya umbali. Mashine nzuri inahangaika na sarafu iliyo robo mita chini. Kutoka robo mita hadi mita mia ni kuzidisha umbali mara mbili, tena na tena, zaidi ya mara nane, na kila mara jibu linagawanywa kwa 64. Hakuna kifaa cha mkononi kinachosikia kilichobaki hapo. Anayedai anasikia anauza antena inayoyumba mkononi mwake, na hata ikiitwa ya Ujerumani na kuwa na taa za kijani, bei yake ni zile pesa za mwanzo anazodai. Baada ya hizo zitakuja za mbuzi mweusi, kisha za "kufungua" mahali, kisha simu haitapatikana.

Mpigie mjomba kabla ya Desemba, usisubiri kufika. Kama hajatoa kitu, asitoe. Kama ameshatoa, atunze ujumbe wa muamala na namba ya simu ya huyo bwana, aende navyo polisi Kilwa Masoko.